Pijo ya Nzivo Haipitwi

Kufikia saa nne na nusu asubuhi, Ndolo alikuwa ameizunguka pikapu yake mara kumi na moja. Mara ya kwanza alikuwa anakagua magurudumu. Mara zile kumi nyingine alikuwa anajizuia kutukana.

"Keti, baba Mutisya," akasema dada yake Wavinya, aliyekuwa ndani ya gari akimenya njugu na kutupa maganda dirishani. "Unawatia mbuzi kizunguzungu."

"Saa ngapi sasa?"

"Dakika mbili baada ya ile uliyouliza."

Mbuzi wenyewe walikuwa watatu, nyuma ya pikapu, wamefungwa kamba mpya: majike wawili na beberu mweupe mwenye ndevu aliyemkodolea Ndolo macho kama karani anayesubiri saini. Ndolo aliwanunua hapo hapo kwenye soko la mbuzi la Kiamaiko alfajiri, akawachagua kwa mikono yake, mbavu kwa mbavu. Hawakuwa mbuzi wa kuchinjwa sikukuu. Walikuwa mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao Mkamba anaweza kuvishana pete kanisani, akapiga picha na kukata keki, na wazee wakaendelea kusema hajaoa.

Na mwanawe Mutisya, kwa hesabu ya wazee, hakuwa ameoa. Alikuwa akiishi na Koki mwaka wa pili sasa, na Koki alikuwa na mimba ambayo daktari alisema imebakisha wiki moja, zikizidi sana mbili. Mtoto akiwatangulia mbuzi, basi ni mtoto wa kwao Koki, na jina atapewa la kwao. Mbuzi wakimtangulia mtoto, naye akiwa wa kiume, ataitwa Ndolo.

Jambo hilo lilikuwa limemkaa Ndolo kifuani kama mwiba wa samaki. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mkewe alikwishafariki, na kitu pekee duniani kilichoandikwa jina lake kilikuwa leseni ya udereva.

"Na akiwa msichana?" Wavinya alimuuliza juzi.

"Atakuwa mvulana."

Tatizo halikuwa mbuzi, wala siku. Tatizo lilikuwa saa. Mtu wa kuwapokea mbuzi alikuwa mmoja tu, mzee Ndete, ndugu mkubwa wa marehemu baba yake Koki. Ndete alikuwa mchonga vinyago kule Changamwe. Alikuja Ijumaa kwa ajili ya shughuli hii, akalala mtaa wa Tena, nyumbani kwa mama yake Koki, na Jumamosi saa nane alikuwa na basi la kurudi Mombasa, kwa sababu Jumatatu kontena la vinyago lazima lifungwe, na baada ya hapo hapatikani mpaka Desemba. Taksi ya kumpeleka kituoni ingekuja saa saba. Wageni walitakiwa langoni saa tano.

Kutoka Kiamaiko mpaka Tena ni dakika ishirini, hata ukiwa umembeba mgonjwa.

"Mpigie tena," akasema Ndolo.

Wavinya akampigia Mutisya, aliyekuwa ndani ya gari la Nzivo. "Mko wapi?"

"Njiani, shangazi."

"Njiani wapi?"

"Hapa Jogoo Road."

"Si hapo ndipo mlikuwa saa moja iliyopita?"

"Saa hiyo tulikuwa upande ule wa mzunguko. Sasa tumeuvuka."

Wavinya akakata simu, akamenya njugu nyingine. Kila mtu katika ukoo ule alijua habari za Nzivo na usukani.

Nzivo alikuwa kaka yao mkubwa, na wote wawili, yeye na Ndolo, walikuwa madereva maisha yao yote. Lakini Ndolo aliendesha gari la mkate. Mkate hauna subira. Ukifika dukani watu wameshakunywa chai umebeba takataka. Nzivo alizibeba takataka zenyewe. Kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha lori la taka la kanjo, la baraza la jiji, na lori la taka halikimbii. Linatambaa nyumba hadi nyumba, vijana wakirusha mizigo juu, dereva akiwa gia ya kwanza, mguu mmoja umelala kwenye klachi. Mguu wa Nzivo ulilala hapo na haukuamka tena. Alistaafu bila mkwaruzo hata mmoja, na kila alipokutana na mtu dakika tano alimweleza hivyo.

Ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo pia. Alikuwa mkubwa, alikuwa na koti, na alikuwa na sauti. Kwenda ukweni bila yeye kulikuwa sawa na kwenda bila mbuzi.

Pijo yake iliingia Kiamaiko saa tano kasoro dakika kumi, rangi ya maziwa, imesuguliwa mpaka inang'aa. Ilikuja taratibu kama inayoogopa kumwamsha mtoto. Nyuma yake kulikuwa na mkia wa magari na mikokoteni na pikipiki usioonekana mwisho, na kila aliyepata upenyo alipita akitupa neno.

"Buda, hiyo gari uliweka petroli ama uji?" mwendesha bodaboda mmoja akauliza.

Nzivo akamwinulia kofia.

Akashuka. Akafunga mlango, akajaribu kama umefungika. Akaja nyuma ya pikapu, akawatazama mbuzi mmoja mmoja, akamshika beberu ndevu. "Wamekula?"

"Wamekula, kaka. Twende."

"Tuombe kwanza."

Wakainamisha vichwa hapo katikati ya vumbi na mavi ya mbuzi. Ombi la Nzivo nalo lilikuwa gia ya kwanza. Alianza na marehemu babu yao, akaja kwa baba, akapitia shangazi wawili, akafika kwa serikali. Ndolo alifungua jicho moja na kumwona Mutisya naye amefungua moja. Waliposema amina ilikuwa saa tano na dakika saba.

"Sasa," akasema Nzivo akivaa kofia. "Mimi mbele, mbuzi nyuma yangu. Mbuzi hawampiti msemaji. Baba alipokwenda kumposa mama alitembea nyuma ya ndugu yake toka Kilungu, na hakuna aliyempita mwenzake."

"Baba alitembea kwa miguu," akasema Ndolo.

"Na alifika."

Hivyo wakaingia Outer Ring, Pijo mbele, pikapu nyuma. Barabara ilikuwa pana, safi, leni mbili kila upande, jua limetulia juu yake. Nzivo aliuchukua ule mstari mweupe wa katikati akauweka chini ya tumbo la gari, nusu ya Pijo leni hii, nusu leni ile, kama mtu aliyepewa vyumba viwili na hataki kuacha hata kimoja. Ndolo alitazama saa yake ya mwendo. Mshale ulikuwa umesimama kwenye ishirini na tano, ukitetemeka.

Magari yaliwapita kulia. Yaliwapita kushoto. Mama mmoja aliyekuwa na watoto watatu garini alishusha kioo akawaangalia kwa uchungu wa kweli, kama anayepita matanga. Honi zilipigwa za kila namna: ndefu, fupi, za kuimba, na moja ya lori iliyowalaza mbuzi wote watatu chini.

"Songa, mzee. Barabara si sebule," kondakta mmoja akapiga kelele.

Baadaye mkokoteni wa mitungi ya maji ukawapita. Mwenye mkokoteni alikuwa kifua wazi, anasukuma kwa nguvu zake mwenyewe, na alipofika usawa wa pikapu aligeuka akamtazama Ndolo, halafu mbuzi, halafu Ndolo tena.

Ndolo akamgeukia dada yake. "Unaona? Mkokoteni. Wavinya, tumepitwa na mkokoteni."

"Huyo hana kaka," akasema Wavinya.

Karibu na Kariobangi Nzivo akasimama kabisa, akampungia mkono mwanamke aliyekuwa ukingoni ili avuke. Mwanamke hakuwa anavuka. Alikuwa anauza viazi. Wakaelewana baada ya muda. Mbele kidogo akaingia kituo cha petroli, na Ndolo, asiye na ruhusa ya kumpita, akaingia naye. Nzivo alitaka kupima hewa kwenye magurudumu. Yote manne, na lile la akiba.

Ndolo akashuka akaenda dirishani. "Kaka, saa sita hii. Watu walituambia saa tano."

"Gurudumu halijui saa sita."

"Mzee Ndete ana basi."

"Basi lina ratiba yake, na mimi nina yangu. Ukienda ukweni unahema, watasema umefukuzwa na nini?"

Ndolo akarudi garini. Akaweka paji la uso kwenye usukani na kukaa hivyo. Miaka yote ile ya mkate, hakuna siku aliyochelewa. Alijua kila shimo la Eastlands na kila uchochoro wa kuliepuka. Leo alikuwa na kitu kimoja cha kufikisha, kimoja tu maishani mwake, na mbele yake kulikuwa na matako ya Pijo yenye taa moja inayowaka na moja isiyowaka.

Walipokaribia Mutindwa, saa sita na robo, simu ya Wavinya ikalia. Alikuwa Koki. Wavinya akaiweka sauti ya nje.

"Shangazi, mko wapi? Mzee Ndete ameshavaa viatu."

"Viatu vya ndani ama vya safari?"

"Vya safari. Na amefunga kamba."

"Tuko hapa karibu, mwanangu. Wewe uko aje?"

"Niko tu. Tumbo linakaza tangu asubuhi."

Wavinya akaacha kutafuna. "Linakaza vipi?"

"Linakaza, linaachilia. Halafu linakaza. Msimwambie Mutisya, ataanza kulia."

Simu ilipokatika Ndolo alimtazama dada yake, na dada yake akatazama nje kwenye vibanda vya mitumba, kama anayesema kwamba lolote litakalotokea sasa yeye hakuliona.

Ndolo akawasha indiketa ya kulia. Alifuata taratibu zote: akatazama kioo, akageuza shingo, akangoja lori lipite. Kisha akaingiza gia ya tatu, na pikapu ikaruka kama ng'ombe aliyefunguliwa zizi. Alipokuwa sambamba na Pijo aliona mikono miwili juu ya usukani, kofia, na uso wa kaka yake ukigeuka polepole sana, kama kila kitu chake. Nyuma ya uso huo Mutisya alikuwa amefungua mdomo. Halafu hawakuonekana tena.

Gia ya nne. Upepo ukaingia dirishani, mbuzi wakalia, na Ndolo akacheka peke yake kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Cheka," akasema Wavinya. "Cheka vizuri, maana itakulipisha."

Baada ya dakika saba walikuwa langoni, Tena. Ndolo akapiga honi, akashuka, akanyoosha koti. Kidirisha cha lango kikafunguka, na ndani kukaonekana kitambaa cha kichwa na jicho la Norah, mama yake Koki.

"Nani?"

"Ni sisi, mama. Kina Ndolo. Tumefika na mbuzi."

"Na anayesema ni nani?"

"Ni mimi, Ndolo."

"Wewe ni mwenye mwana. Mwenye mwana hasemi." Jicho likatazama kushoto, likatazama kulia. "Msemaji wenu yuko wapi?"

"Yuko nyuma."

"Nyuma wapi?"

Ndolo akageuka, akatazama barabara iliyokuwa tupu kabisa. "Nyuma," akasema tena.

Wanawake waliokuwa ndani wakaangua kicheko. Mmoja akasema huenda mbuzi wale wameibwa, hebu waulizwe wenyewe. Kisha lango likafunguka kidogo na mzee Ndete akatoka, mtu mfupi mwenye vidole vilivyojaa makovu ya patasi, viatu vimefungwa kamba kweli. Akawaendea mbuzi, akawapapasa migongo kama anayetafuta ufa kwenye mti.

"Ni mbuzi wazuri," akasema. "Siwakatai. Lakini nikiwapokea kutoka mkononi mwako, Ndolo, kesho ndugu yako atasema hakuwepo, na atakuwa anasema kweli. Niletee msemaji."

"Mzee, ukiwapokea tu, akifika—"

"Taksi ni saa saba. Na basi halijui mambo ya ukwe."

Lango likafungwa. Ndolo akampigia Mutisya.

"Baba," akasema Mutisya kwa sauti ya chini, "sisi tumesimama."

"Kuna msongamano?"

"Hakuna. Barabara ni nyeupe. Mzee amezima injini. Anakula ndizi."

"Mpe simu."

Kukasikika mnong'ono. "Anasema hashiki simu akiwa barabarani."

"Si umesema amezima injini?"

Mnong'ono tena. "Anasema mbuzi wamempita msemaji, basi mbuzi waseme."

Haikuwezekana kuwaacha mbuzi nje wala kuwaingiza ndani. Ndolo akageuza pikapu na mizigo yake yote. Aliporudi Outer Ring aliiona Pijo ng'ambo ya pili, imeegeshwa kando karibu na Mutindwa, mlango wazi na kiatu kimoja cha Nzivo nje. Lakini kati yao kulikuwa na ukuta wa saruji, na ikambidi aende mpaka mbele kabisa kutafuta pa kugeukia. Njiani akakuta gari la shule ya udereva lenye mwanafunzi anayejifunza, limeng'ang'ania leni ya kulia. Huyo hakuwa kaka yake. Alimpita bila hata kumtazama.

Nzivo alikuwa amelikunja ganda la ndizi ndani ya gazeti, vizuri, kona kwa kona.

"Habari za huko mbele?" akauliza.

"Kaka, twende."

"Si umeshafika? Mimi naenda kufanya nini?"

"Wamekataa kutufungulia."

"Walikuwa na haki."

"Nzivo, msichana tumbo linamkaza."

Nyuma, Mutisya akasimama ghafla na kujigonga kichwa kwenye paa la gari. Nzivo akamtazama, akamgeukia Ndolo. "Hilo hamkuniambia."

"Hushiki simu."

"Ni sheria." Nzivo akaweka gazeti chini ya kiti. Hakuwasha gari. Alipoanza kusema tena, ile sauti yake ya harusi na matanga haikuwepo. "Ulioa kabla yangu. Nilisema kitu? Ukapata mtoto, ukapata wa pili, ukajenga. Sikusema. Mimi sina mtoto wa kupelekewa mbuzi, wala wa kupelekea. Katika ukoo huu kitu changu ni kimoja, kutangulia siku kama ya leo. Ni kilomita sita, Ndolo. Umeshindwa kuniachia kilomita sita."

Maneno hayo yalimkasirisha Ndolo kuliko ndizi. Kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa kweli, na kwa sababu ukweli huo ulikuwa umechagua saa sita na dakika arobaini kutoka nje.

"Zichukue basi," akasema. "Lakini zichukue kwa gia ya tatu."

"Ya pili."

"Mna miaka mia moja ishirini na saba nyinyi wawili," akasema Wavinya kutoka kwenye pikapu. "Mko kando ya barabara mnagombania gia. Mtoto yuko njiani na yeye hapimi hewa."

Nzivo akawasha gari. Akatoa indiketa. Akangoja, akatazama, akangoja tena, barabara ikiwa tupu kama uwanja wa kanisa siku ya Jumanne, na akaingia katikati ya mstari wake mweupe. Ndolo akamfuata. Alijiapiza kwamba hatapiga honi, na hakupiga, mpaka Nzivo aliposimama kabisa mbele ya tuta la kwanza kabla ya kulipanda, kama anayebisha hodi.

Waliingia barabara ya ndani ya Tena saa saba na dakika tano. Hiyo ni barabara nyembamba. Upande mmoja kulikuwa na magari yaliyoegeshwa, upande wa pili kibanda cha mboga, fundi wa viatu na mtaro. Nzivo alikuwa katikati, mwendo wa mtu anayehesabu nyumba. Zilibaki nyumba nne kufika langoni aliposimama.

"Nini tena?" akasema Ndolo.

Hakuona vizuri, Pijo ilikuwa imemziba. Alisikia honi kutoka mbele, halafu honi ndefu zaidi, halafu sauti ya kijana. "Mzee, rudi nyuma kidogo nipite. Niko na mteja wa basi."

"Mimi sirudi nyuma bila mtu wa kuniongoza," Nzivo akajibu. "Lori la taka haliruhusiwi."

"Hii si lori."

"Utaratibu ni utaratibu."

Ndolo akaona giza. Akaweka mkono wake juu ya honi na kuuacha hapo, akampigia kaka yake mwenyewe honi mchana kweupe mbele ya wakwe, mbuzi wakalia, fundi wa viatu akasimama kutazama. Wavinya hakumzuia.

Ndipo mlango wa nyuma wa ile taksi ulipofunguka na viatu vilivyofungwa kamba vikatua barabarani.

"Ni nani huyu mpumbavu aliyefunga barabara?" mzee Ndete akauliza.

Nzivo akashuka kwenye Pijo. Akafunga mlango, akajaribu kama umefungika. Akavua kofia. "Mzee Ndete," akasema, na sauti ya harusi ikawa imerudi nzima, "tumekuja."

Ndete akamtazama. Akaitazama Pijo, halafu pikapu, halafu lango alilotoka. Mabega yakamshuka. "Nzivo, fupisha."

"Hayafupishwi," akasema Nzivo, na akaanza na marehemu babu.

Ndolo hakungoja afike kwa baba. Alikwishashuka, ameshafungua nyuma, anamteremsha beberu kwa kumkumbatia kama gunia la unga, ndevu za mbuzi ziko sikioni. Mutisya akachukua jike mmoja, Wavinya mwingine. Wanawake wakaja mbio kutoka langoni, Norah mbele, kitambaa kimemtoka. Na hapo, kati ya kibanda cha mboga na mtaro, dereva wa taksi akitazama simu yake na kuguna, mzee Ndete akaweka mikono yake yenye makovu juu ya migongo mitatu, mmoja baada ya mwingine, akasema amewapokea. Wanawake wakapiga vigelegele. Nzivo alikuwa bado kwa shangazi wa kwanza. Akaachwa amalize.

Sasa taksi ilitakiwa kutoka. Ndolo akarudisha pikapu nyuma kwanza. Kisha akarudi kwa miguu, akasimama nyuma ya Pijo, mikono juu, kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine.

"Njoo," akasema. "Njoo. Kata kulia. Njoo. Hapo, simama."

"Kuna nafasi?" Nzivo akauliza dirishani.

"Lori linapita hapo, kaka."

"Sijauliza lori."

"Kuna nafasi."

Ndani, walipoketi na chai kumiminwa, Nzivo alivuta pumzi ya mtu aliyefanya kazi. "Mmeona? Ningekimbia, mzee angekuwa barabara kuu anakwenda, sisi tunakuja. Tungepishana."

"Ungekimbia," akasema Ndolo, akiweka kikombe chini kwa uangalifu, "tungefika saa tano, na yeye angekuwa ameketi hapo unapoketi wewe."

"Hilo hatulijui."

"Tunalijua. Kila mtu aliye hapa analijua."

"Mimi silijui," akasema Nzivo, na akachukua andazi.

Koki alitokea mlangoni akishika ukuta. Watu wote wakatazama magari mawili yaliyokuwa nje, na Nzivo akaanza kujipapasa mfukoni akitafuta ufunguo.

"Hapana," wakasema watu saba kwa pamoja, na mmoja wao alikuwa Koki.

Nzivo akatazama andazi lake. "Mpeleke wewe, Ndolo. Mimi hata hivyo siwezi kuondoka. Msemaji haachi meza ya ukweni kabla nyama haijaliwa." Akafikiri kidogo. "Pita popote unapotaka."

Ndolo alipita popote alipotaka. Koki alikaa kati yake na Wavinya, Mutisya nyuma kwenye mavi ya mbuzi akishikilia vyuma, na walifika hospitalini kabla saa nane haijagonga.

Mtoto alizaliwa saa kumi na nusu. Alikuwa msichana.

Wavinya alimbeba kwanza. Akamwangalia usoni, akasema, "Mwende," basi, kana kwamba anamwita mtu aliye chumba cha pili. Lilikuwa jina la marehemu mke wa Ndolo. Na Ndolo, aliyeshinda siku nzima akilikimbiza jina lake mwenyewe katika barabara za Eastlands, akagundua kwamba hili hakuwa amelifikiria hata mara moja. Akampokea mtoto. Akakaa naye karibu na dirisha.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili, mtoto ameoshwa, amenyonya, amelala, ndipo honi zilipoanza kusikika kutoka barabarani, za kila namna, ndefu kwa fupi. Ndolo hakuhitaji kutazama nje.

Nzivo aliingia na kofia mkononi, ananuka nyama choma. Akamwinamia mtoto. "Ni Ndolo?"

"Ni Mwende," akasema Wavinya.

Nzivo akatikisa kichwa taratibu, akavuta kiti, akakijaribu kama kimesimama sawa, akaketi kando ya ndugu yake.

"Basi Ndolo yuko nyuma," akasema. "Mwacheni. Anakuja kwa mwendo wake."

Ndolo akafumba macho, akahesabu mpaka kumi, na alipofika kumi akaendelea.